Firigisi na Mstari wa Chokaa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimefika. Kakamega! Mgongo umekuwa ubao kwa kukaa kitini tangu Mombasa, lakini raketi zote mbili ziko salama. Nililala nazo miguuni njia nzima. Utingo alibembeleza aziweke chini kwenye buti – wapi!

Klabu ya hapa haiweki wageni hotelini. Wanachama wanagawana wageni nyumbani kwao. Mimi nimeangukia kwa Mama Jael, mwalimu wa hesabu mstaafu, mrefu, anatumia mkono wa kushoto. Mumewe, Mzee Makhanu, analima miwa na anacheka kabla hajamaliza kusema kinachochekesha. Nimepewa chumba cha binti yao aliye chuoni. Shuka zinanukia sabuni ya kipande. Dirishani migomba.

Niandike kilichonileta, nisije baadaye nikajifanya nimesahau. Kampala nilitolewa mechi ya kwanza. Kigali, ya kwanza. Nairobi, ya kwanza, tena na mama aliyekuwa na mafua, anapiga chafya kila akitaka kusevu, yaani kuanzisha mpira! Kule Tanga wenzangu wananiita mtalii wa raketi. Siku naondoka wamenipungia mikono, eti niwaletee picha.

Picha! Miaka arobaini na saba, magoti yananong'ona kila nikipanda ngazi, halafu niwaletee picha. Nataka mechi moja nje ya nchi. Moja tu, ya haki, niliyoishinda kwa mkono wangu mwenyewe. Safari hii siondoki bila hiyo.

Mvua imeanza saa tisa na imekata saa kumi na moja. Mama Jael anasema huku inanyeshanga hivyo kila mchana msimu huu, ndiyo maana mpira ni wa asubuhi.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mazoezi na Mama Jael. Amenifunga sita kwa moja. Sita kwa moja! Na ile moja nadhani alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Ana mpira mmoja mbaya sana. Anainua mkono kama anataka kupiga kwa nguvu, wewe unarudi nyuma, kumbe anaudondosha tu hapo hapo karibu na wavu. Unabaki unakimbia kama umeacha mboga jikoni. Dawa yake nadhani ni kumpigia upande wa kulia, ule dhaifu, halafu kusogea mbele mapema. Nitaifanyia kazi. Sijakata tamaa hata chembe.

Uwanja wenyewe nimeupenda. Udongo mwekundu ulioshindiliwa, mistari ya chokaa. Mvua inaifuta kila mchana, na kila asubuhi inapigwa upya kwa kamba. Kwetu ni saruji, mpira ukidunda haubakizi kitu, tunabaki kugombana kwa macho. Hapa mpira unaacha alama, duara dogo lenye mkia. Mimi ambaye kazi yangu ni kukagua mizani sokoni, nimefurahi mpaka nikainama kuigusa. Huu ni ushahidi.

Refa hakuna. Mama Jael amenieleza sheria yao, na ni ile ile ya kwetu: mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye wa kusema ni mzuri au ni auti, na neno lako ndilo la mwisho. Basi.

Jioni tumepita sokoni. Muuza nyanya amenijazia, kisha akaongeza tatu juu, kisha akaniangalia usoni akaongeza ya nne. Kule Tanga ningemwuliza mizani iko wapi. Hapa nimepokea kwa mikono miwili na kusema asante. Mama Jael akasema ni kwa sababu amesikia lafudhi yangu, mgeni lazima aongezewe.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Leo nimepewa heshima ambayo sikuistahili, na nimefanya kosa la kusema sana.

Asubuhi nilimwona Mama Jael akitoka na kuku chini ya kwapa, kuku mzima, anapiga kelele. Amepanda naye pikipiki. Nikadhani anakwenda kuuza. Kumbe ameniona nikiswali, akampeleka kuku mjini kwa Mzee Osundwa, Mwislamu wa kutoka Mumias mwenye duka la mitumba, ili amchinje kwa bismillahi. Mjini kwenda na kurudi kwa ajili ya koo langu! Mzee Osundwa amemtuma aniletee salamu: Asalaam aleikum, na nipite dukani nikipata nafasi.

Usiku ugali – wao wanauita obusuma – na kuku, ingokho. Mzee Makhanu akachukua firigisi kwenye bakuli. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kila mtu hapa anajua, hata mimi nilishaambiwa. Akaigeuza mkononi, akaiangalia kama anaagana nayo, akaiweka sahanini kwangu.

“Shemeji, hii ni yako.”

Nikakataa. Akasema firigisi haikataliwangi. Mama Jael akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikala. Tamu!

Hapo ndipo mdomo ukafunguka. Wameniuliza mambo ya tenisi, nami nikawamwagia yote: Kampala, Kigali, Nairobi, yule mama wa chafya. Nilidhani watacheka. Mzee Makhanu aliacha kutafuna.

“Hata moja, shemeji? Hata moja hujawahi shinda nje?”

“Hata moja.”

Mama Jael akaniongezea mboga bila kuniuliza. Nilitaka kuchekesha, nikavuna huruma. Sikuipenda hata kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Droo. Katibu wa klabu, Bwana Khaemba, mtu mfupi mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, amechanganya vikaratasi kwenye kofia yake. Wanawake wa miaka arobaini na kuendelea. Nimevuta cha kwangu, nikafungua.

Jael Makhanu.

Mwenyeji wangu! Watu walipiga makofi, wengine wakashika vichwa. Khaemba akataka kurudisha vikaratasi kofiani, eti haiwezekani mgeni agongane na mwenye nyumba anakolala. Nimesema hapana. Droo ni droo. Mama Jael akacheka tu, akasema mama amesema – mama ni mimi – acheni hivyo. Atakayeshinda atakutana na Adhiambo wa Kisumu.

Khaemba ametupanga kesho saa nane mchana. Nikamwuliza, na mvua? Akasema kesho ni Ijumaa, lazima nipate muda wa kwenda msikitini bila kukimbizwa. Nikamwambia naweza kucheza asubuhi, nikaoga, nikawahi. Hataki kusikia. Mgeni asisumbuke!

Nilipokuwa nakunja nguo jioni nilijipa maneno makali. Sita kwa moja ilikuwa mazoezi. Kesho upande wa kulia, mbele mapema, pumzi chini. Kama kufungwa, nifungwe nikiwa nimebandua ngozi ya vidole. Lakini sitafungwa.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Sijui nianzie wapi.

Nianze na kuku. Asubuhi tena Mama Jael alipita na kuku kwapani, akapanda pikipiki kwa Mzee Osundwa. Nikasema moyoni, hawa watu watamaliza banda. Sikufikiria zaidi.

Msikitini nilikwenda, nikatulia. Saa nane uwanjani. Seti ya kwanza amenichukua sita kwa tatu, kihalali kabisa, ile mipira yake ya kudondosha imenitembeza. Seti ya pili nikaanza kupata. Upande wa kulia, mbele mapema. Mipira yangu ya pembeni ikawa inaingia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nasikia sauti ya Mama Jael: “Nzuri! Nzuri!” Nimeshinda sita kwa nne. Nilijiona nimekuwa mtu mwingine! Wingu limekusanyika juu ya uwanja, nami najiambia hii ndiyo siku.

Seti ya tatu, nikiwa naongoza nne kwa tatu, tukabadilishana pande. Nikapita pale ulipoangukia mpira wangu wa mwisho, ule ulionipa gemu.

Alama iko nje. Vidole viwili nje ya chokaa.

Nikasimama. Labda si wenyewe. Nikatembeza macho. Kwenye kona kuna nyingine, nje. Karibu nayo nyingine tena, nje. Zote upande aliokuwa amesimama yeye. Zote aliziita nzuri.

Niseme ukweli wote: nilijaribu kutoamini. Nikajiambia macho yake ni ya miaka sitini. Nikacheza gemu nyingine nimefunga mdomo, nikaipata, tano kwa tatu. Gemu iliyofuata nikafika arobaini kwa kumi na tano. Pointi moja! Matone ya kwanza yanadondoka. Nikapiga kwa hasira, sijui hasira ya nani, na mpira ukaenda nje futi nzima. Futi nzima! Hata mtoto wa chekechea angeuona.

“Nzuri!” akasema Mama Jael.

Na huyo anakuja kwenye wavu, ananyoosha mkono, tabasamu mpaka masikioni. Watu ukutani wanapiga makofi. Khaemba anapaza sauti kwamba mgeni wetu ameshinda.

Mechi yangu moja. Ile iliyonitoa Tanga. Ilikuwa pale kwenye kiganja chake, nilitakiwa tu kuishika.

Sikuushika ule mkono. Nimesema, “Dada Jael, ilikuwa nje.”

Akasema hapana, ameona ni nzuri. Khaemba akaingilia: “Mama, mwenye upande ameshasema. Imeisha hiyo.” Nikasema haijaisha. Mkono wake ukabaki umenyooshwa juu ya wavu, na mvua ikashuka yote kwa mara moja, wote tukakimbilia barazani. Alama zimefutika. Hakuna aliyenisemesha njia nzima ya kurudi nyumbani, na sisi wawili tulikuwa chini ya mwavuli mmoja!

Jioni, mezani. Kuku. Nikamwuliza Mzee Makhanu kuku huyu ni wa nini, maana nimeshakaribishwa Jumatano. Mzee akaangalia sahani yake.

“Ni ya kukupongeza, shemeji.”

“Ya kunipongeza kwa lipi?”

“Kushinda.”

Amechinjwa asubuhi! Mechi saa nane mchana, kuku wa ushindi asubuhi! Nilicheka, halafu nikaona machozi yananijia, na sikutaka walione hilo, nikaanza kusema kwa sauti kuliko nilivyokusudia.

Nimemwambia Mama Jael kwamba mimi nakagua mizani. Mtu akiniwekea kidole kwenye sahani ya mizani, hata kama kinanifaidi mimi, ile mizani ni mbovu na naifungia. Nimemwambia hivyo ndivyo alivyonifanyia mbele ya watu.

Yeye naye akawaka. “Umetoka mbali yote hiyo. Ulale kwangu, ule kwangu, halafu nikufunge hapa kwangu, urudi kwenu ukiwa hivyo hivyo? Nitawaambia watu nini? Sisi hatuachiliangi mgeni aende mikono mitupu!”

“Mimi sikuja kuchukua, dada. Nilikuja kucheza.”

“Kwa hivyo kuku yangu unakula, mpira yangu unakataa.”

Akaondoka na sufuria jikoni. Tukasikia vyombo vikioshwa kwa nguvu ambayo havikuihitaji. Niliona nimemuumiza, na niliumia pia. Ametoa kitu kikubwa. Mchezaji yule, anapenda kushinda – nimemwona Jumanne, alivyokuwa akiuma mdomo kabla ya kusevu! Amekitoa kile kwa ajili yangu, nami nimekirudisha mezani mbele ya mumewe.

Lakini sikubali. Nimekwenda mpaka mlango wa jikoni. Nikasema kesho turudie seti ya tatu tangu mwanzo, bila bila. Na akiniachia hata mpira mmoja, nafunga begi, naondoka, na mwaka ujao sirudi.

Hakugeuka.

“Saa mbili asubuhi,” akasema. “Na usilie.”

Niliporudi mezani, Mzee Makhanu alikuwa ameshika firigisi. Akaniangalia kwa huzuni ya kujifanya. “Shemeji, kwa vile umekataa ugeni, hii imerudi kwa mwenyewe.” Akaitia mdomoni. Yote!

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Asubuhi. Chai na mhogo. Mama Jael hajaniongezea chochote. Ameweka birika katikati ya meza na kila mtu amejimiminia. Hajasema mgeni wetu. Amefunga kitambaa kichwani, kimekaza mpaka nyusi zimepanda.

Khaemba kwenye simu analalamika: matokeo alishayatangaza, Adhiambo ameshaambiwa atacheza na mimi. Mama Jael amemjibu mstari mmoja kwa Kiluhya na kukata. Mzee Makhanu akacheka akakataa kunitafsiria.

Ngoja nivae viatu.

Jumamosi hiyo hiyo, uwanjani, benchi la upande wa lango

Naandika kwa penseli ya matokeo, juu ya goti. Tumesimamisha mchezo. Nitaeleza haraka.

Chokaa mbichi, jua, udongo umeshika vizuri. Watu wachache, wengi wameenda mazishini. Mama Jael alianza kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani kwake. Nne kwa moja! Sikuona hata raketi ikipita. Ule mpira wa kudondosha umenilaza kifudifudi mara mbili, goti limechubuka, na hakuniuliza kama nimeumia. Amesema tu, “Kumi na tano bila,” akaenda kusevu.

Hapo nikajua. Sita kwa moja ya Jumanne haikuwa bahati yake. Huyu ndiye Jael.

Nikajiambia, vizuri. Nilichoomba nimepewa, sasa kula. Upande wa kulia. Upande wa kulia. Mbele mapema. Usiangalie jumla, angalia mpira. Nimeokota gemu moja. Tulirudishana mpaka mapafu yakachoma. Ya pili amenipa mwenyewe kwa kukosea sevu mara mbili – akajitukana! Kwa nguvu! Mzee Makhanu, aliyetuletea chupa ya chai, akaninong'oneza tulipobadilishana pande kwamba tangu amwoe hajamwona akikasirika hivi mbele ya watu, na kwamba mimi nisidhani atalala nyumbani leo kwa amani, yeye Makhanu, si mimi.

Nikaokota na ya tatu. Nne kwa nne. Anasevu yeye. Nimefika arobaini, yeye thelathini. Nikipata hii naongoza tano kwa nne, na gemu inayofuata nasevu mimi.

Ameudondosha. Lakini leo nilishaanza kukimbia kabla hajakunja kifundo cha mkono. Nimeufikia chini kabisa, nimeusukuma pembeni kando ya mstari. Ameukimbilia, hakuugusa.

“AUTI!”

Sauti ile imesikika mpaka sokoni, naapa. Auti! Jana futi nzima ilikuwa nzuri, leo hii ni auti!

Nimezunguka wavu. Alama ipo. Duara, mkia, na ukingo wake umekula chokaa. Umekula! Unga mweupe umetawanyika kidogo kwa nje. Nikamwonyesha kwa ncha ya raketi. Ameinama, mikono magotini, kitambaa kimelegea. Ameangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia kitu chochote wiki hii.

“Hiyo chokaa imepeperushwa na upepo. Mpira iko nje.”

“Upepo gani, dada? Jani halitikisiki!”

“Upande ni wangu. Neno ni langu. Si nilikufunza Jumanne?”

“Na mimi nilikwambia jana neno hilo silikubali kama alama inasema kingine!”

“Jana ulikataa ikiwa nzuri. Leo unakataa ikiwa auti. Wewe unataka nini?”

Swali zuri. Goti linatoka damu, nimekasirika mpaka masikio yanawaka – na nina furaha. Sijawahi kuwa na furaha hivi Kampala wala Kigali wala kokote. Mama huyu anataka kunifunga!

Tumekubaliana jambo moja tu, Khaemba aje aamue. Alikuwa ameenda kunywa chai. Mzee Makhanu amekwenda kumwita. Mimi nimekaa hapa. Yeye amekataa kukaa. Amesimama juu ya mstari, mguu mmoja kila upande wa ile alama. Mwanzo nilidhani anataka kuifuta. Angeweza, kwa kisigino tu, na nisingekuwa na la kusema. Lakini kuna kuku wa jirani ameingia kwa upenyo wa ua, anazurura kuelekea pale, na Jael anamfukuza kwa raketi bila kuinua miguu. Anailinda. Ana uhakika.

Na mimi nina uhakika.

Mawingu yameanza mapema leo, upande wa msituni. Namwona Khaemba langoni anafuta mdomo, Mzee nyuma yake amebeba kikombe cha mwenzie. Jael amegeuka ananitazama. Hakuna mgeni wetu. Hakuna mama. Jina langu tu.

“Mwanakombo! Weka hiyo penseli chini ukuje uone vile umeshindwa!”

Naenda. Mpira huu siutoi.